Barabara si jalala, lakini lami ya zamani si taka

Tupige hesabu ya kilomita moja. Barabara ina upana wa mita 7 na tabaka la juu la lami lina unene wa sentimita 5. Hizo ni mita za ujazo 350. Mita moja ya ujazo ya lami iliyoshindiliwa vizuri ina uzito wa tani 2.4 hivi, kwa hiyo kilomita hiyo inakula karibu tani 840 za mchanganyiko. Takriban asilimia 95 ya uzito huo ni kokoto na vumbi la mawe. Kinachobaki, kama tani 42, ni bitumeni, ile gundi nyeusi inayotokana na mafuta ghafi, ambayo sisi tunaiagiza kwa meli.

Sasa tuingize plastiki. Njia inayosifiwa kuliko zote, ile ya India, hutumia plastiki iliyokatwakatwa kwa kiasi cha asilimia 6 hadi 8 ya uzito wa bitumeni. Tukichukua kiwango cha juu, tunapata tani 3.4 kwa kilomita nzima. Jiji la Nairobi linakadiriwa kuzalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kwa siku. Hata tukisema sehemu moja tu ya kumi ni plastiki, hizo ni tani 200. Ili barabara ziimeze plastiki ya Nairobi peke yake, ingebidi tutandaze karibu kilomita 60 za lami mpya kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu huwa siioni kila inapozuka habari ya barabara za plastiki kwamba ndizo zitakazosafisha miji yetu. Sipingi kutumia taka kwenye lami. Naunga mkono, na kwa nguvu. Lakini swali tumelishika kwa upande usio wake. Tunauliza barabara itatuondolea taka kiasi gani, wakati cha kwanza kuuliza ni taka hiyo itaiongezea barabara miaka mingapi, na siku lami itakapokwanguliwa, nani atabeba kilichomo. Maswali hayo mawili ndiyo yanayotenganisha taka inayofaa na taka inayofichwa chini ya magari.

India wanastahili heshima yao. Profesa Rajagopalan Vasudevan, mkemia wa Chuo cha Uhandisi cha Thiagarajar mjini Madurai, alitandaza barabara ya namna hii ndani ya chuo chake mwaka 2002, na mwaka huohuo Mtaa wa Jambulingam mjini Chennai ukapata lami ya plastiki. Uzuri wa njia yake ni kwamba haihitaji kiwanda kipya. Kokoto hupashwa moto hadi nyuzi 160 au 170 kama ilivyo kawaida ya mitambo ya lami, vipande vya plastiki humwagwa juu yake vikayeyuka na kuzivika kokoto ngozi nyembamba, kisha bitumeni ndiyo inaingia. Ngozi ile huzuia maji yasinywewe na jiwe na husaidia bitumeni kushika. Kwa nchi ya mvua za masika, hilo si jambo dogo. Lami nyingi haifi kwa uzee. Inauawa na maji yanayopata upenyo kati ya jiwe na bitumeni, kokoto zikaachia moja moja, na baada ya mvua mbili tatu kuna shimo.

Mwaka 2008 Bodi Kuu ya Kudhibiti Uchafuzi ya India ilichapisha tathmini ya barabara hizo za mwanzo na kuzikuta katika hali nzuri. Mwaka 2015 serikali ikaagiza plastiki itumike katika barabara zilizo karibu na miji mikubwa, na mwaka 2018 Vasudevan akapewa nishani ya Padma Shri. Kwa hiyo si porojo. Ni uhandisi uliopimwa, wenye masharti yake.

Masharti hayo ndiyo yanayopotea njiani wazo linaposafirishwa. Plastiki inayoyeyuka kwenye joto la kuchanganyia lami ni ile laini ya mifuko na vifungashio, polietilini, na jamaa yake polipropilini. Chupa ya maji ya kunywa imetengenezwa kwa PET, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 250 hivi. Ukiitia kwenye kokoto za nyuzi 165 inabaki kipande cha chupa. Na PVC, ya mabomba na nyaya za umeme, haitakiwi kabisa, kwa kuwa ikichomwa inatoa gesi ya asidi yenye klorini na inaweza kuzaa sumu mbaya zaidi.

Sasa tazama mitaro yetu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 1, 2019. Mifuko ya rambo, ambayo ndiyo ingeyeyuka vizuri kuliko yote, tumeiondoa sokoni, na tulifanya vyema kuiondoa. Kinachoziba mitaro ya Msimbazi na Mathare leo kwa wingi ni chupa za PET. Madumu, kreti za soda na ndoo zilizovunjika zina wanunuzi tayari, kijana anayeokota huko dampo anajua bei yake kwa kilo. Vinabaki vifungashio vya mkate, mifuko ya ndani ya bidhaa za viwandani, viroba vya unga na sukari vilivyochanika. Vinafaa, lakini vinatakiwa vichambuliwe, vioshwe mchanga na mabaki ya chakula, vikaushwe na kukatwa kwa kipimo. Kila hatua ni mshahara wa mtu. Mradi unaotangazwa kwa picha ya rundo la chupa za maji umeanza bila kumuuliza mkemia, na mradi ambao bajeti yake haina fungu la wachambuaji taka unategemea kazi ya bure ya watu maskini.

Kuna jambo la zamani zaidi la kujifunza, na nashangaa halitajwi katika mijadala hii. Lami ya kisasa yenyewe ilizaliwa na taka za viwanda. Mwaka 1901 Edgar Purnell Hooley, mhandisi wa barabara wa jimbo la Nottinghamshire nchini Uingereza, alipita Denby, karibu na viwanda vya chuma, akaona kipande cha barabara kisicho na vumbi wala mifereji. Inasimuliwa kwamba pipa la lami ya makaa ya mawe lilikuwa limepasuka hapo, na watu wakamwaga slagi ya tanuri juu yake kufunika uchafu. Slagi ni ule mwamba unaobaki chuma kikishatolewa kwenye udongo wake. Lami ya makaa ya mawe nayo ilikuwa mabaki ya viwanda vya gesi na vya koki. Hooley akachanganya hizo taka mbili kwa makusudi, na mwaka 1902 akapata hataza.

Slagi ikathibitika kuwa jiwe zuri. Mwenzake hakuwa mwema hata kidogo. Lami ya makaa ya mawe imejaa hidrokaboni za harufu zenye pete nyingi, kundi ambalo ndani yake mna benzopairini, na baadhi yake husababisha saratani. Ulaya iliitandaza kwa miongo mingi. Ilipojulikana, ilikuwa tayari iko chini ya maelfu ya kilomita. Uholanzi imeweka kikomo cha miligramu 75 za hidrokaboni hizo kwa kila kilo ya lami. Lami ya zamani inayozidi hapo hairudishwi barabarani, inapelekwa kwenye matanuri ya joto kali ili sumu iungue na mawe yabaki. Ujerumani nayo, tangu 2018, hairuhusu lami ya aina hiyo irudishwe kwenye barabara zake kuu za shirikisho. Wanaolipa bili hiyo ni walipakodi ambao hawakuwa wamezaliwa wakati inatandazwa.

Mfano wa Marekani ni mchungu zaidi. Mji mdogo wa Times Beach, Missouri, ulikuwa na barabara za vumbi na fedha kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukamlipa mkandarasi anyunyizie mafuta machafu barabarani ili vumbi litulie. Mafuta yale yalikuwa yamechanganywa na mabaki ya kiwanda cha kemikali, na ndani yake mlikuwa na dioksini, kemikali yenye sumu kali. Watoto walicheza kwenye barabara hizo kwa miaka. Ukweli ulijitokeza mwaka 1982, na mwaka 1983 serikali ya shirikisho ikaamua kuununua mji mzima na kuwahamisha wakazi wake, zaidi ya 2,000. Leo hakuna mji wa Times Beach.

Na hatuna haja ya kwenda Missouri. Mombasa tunayo Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri za magari kilitia sumu damu za majirani zake. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya safari ndefu ya rufaa Mahakama ya Juu ya Kenya iliwarudishia ushindi wao Desemba 2024. Hiyo haikuwa kesi ya barabara. Lakini inaonyesha jinsi ilivyo rahisi mabaki ya kiwanda kutoka nje ya ukuta bila mtu kuyapima, na jinsi ilivyo vigumu mama mwenye mtoto mgonjwa kupata haki yake baadaye. Mwenye kiwanda akijitolea kutupatia mabaki yake bure kwa ajili ya barabara, swali la kwanza liwe yalikuwa yanamgharimu kiasi gani kuyatupa kihalali.

Ndiyo maana neno slagi pekee halitoshi. Slagi ya chuma cha pua si ya chuma cha kawaida, na ya shaba ni jambo jingine kabisa. Wenyeji wa Lubumbashi wanaujua ule mlima mweusi kando ya bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo: ulikuwa na kobalti ya kutosha hata ikalipa kuuchimba upya. Mabaki yenye kobalti, zinki na jamaa zake huwezi kuyasambaza barabarani kwa kuyatazama rangi tu. Slagi ya chuma nayo ina chokaa huru ambayo ikikutana na maji huvimba. Ikitumiwa ikiwa mbichi inainua na kupasua tabaka lililo juu yake, kwa hiyo huachwa ikanyeshewe kwa miezi kabla ya kutumika. Ikishatulia ni jiwe gumu lenye makali, linalozuia tairi kuteleza. Wahindi walitandaza barabara ya njia sita huko Hazira, Surat, mwaka 2022, kilomita moja hivi, kwa slagi ya chuma tupu mahali pa kokoto. Lakini Surat ina kiwanda kikubwa cha chuma mlangoni pake. Slagi ni nzito kuliko jiwe la kawaida, na viwanda vyetu vingi huyeyusha vyuma chakavu kwa kiasi kidogo. Yafaa kwa barabara zilizo jirani na kiwanda. Kuipakia kwenye malori mamia ya kilomita ni kuchoma dizeli kwa ajili ya sifa.

Matairi ni habari yenye matumaini zaidi. Miaka ya 1960 Charles McDonald, mhandisi wa vifaa wa jiji la Phoenix, Arizona, alichanganya unga wa matairi na bitumeni ya moto, akauacha kwa muda wa karibu saa moja. Mpira ule hunywa mafuta mepesi ya bitumeni, unavimba, na bitumeni inapata mnato na unyumbufu ambao haikuwa nao. Lami yake haipasuki upesi na haisukumwi kirahisi na joto. Afrika Kusini wameitumia tangu miaka ya 1980.

Hapa kwetu kuna mahali panapoililia lami ya namna hiyo. Panda Mlima Kitonga, Iringa, nyuma ya msururu wa malori ya Tunduma na Zambia. Lori linatambaa, jua linawaka, na lami inasukumwa kidogo kidogo hadi inaacha mifereji miwili ya matairi ambayo mvua ikinyesha inakuwa mito. Mizani za barabara kuu zina hali hiyohiyo, na barabara ya Mombasa kuelekea Mariakani pia. Bitumeni yenye mpira inatakiwa hapo kwanza, kwenye miinuko, mizani na vituo vya malori. Matairi ya malori yana mpira wa asili mwingi kuliko ya magari madogo, na mpira huo hufanya kazi vizuri zaidi kwenye lami. Ni kana kwamba dawa ya jeraha imebebwa na yule aliyelileta.

Lakini nisifiche ugumu. Matairi yetu mengi yana maisha ya pili na ya tatu: yanavikwa mpira mpya, yanakatwa katambuga au akala, yanakuwa kamba za kufungia mizigo. Yaliyobaki huchomwa hadharani ili mtu apate waya wa kuuza, na moshi wake unawafikia walio karibu. Ni hayo ya kuchomwa tunayoyataka, na kuyapata kunahitaji mashine ya kusaga, sumaku ya kutoa waya, na mnunuzi wa uhakika wa unga kwa miaka kadhaa. Mwekezaji hanunui mashine kwa ajili ya kilomita mbili za majaribio. Tena mpira hauponyi uzito uliopitiliza. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Illinois mwaka 1958 hadi 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hupanda kwa karibu kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibeba 12, inaiumiza barabara mara mbili. Hakuna taka duniani itakayofidia mizani inayohongwa.

Marekani wenyewe walikwama kwenye matairi, na namna walivyokwama inatufaa sana sisi. Mwaka 1991 sheria ya shirikisho ya usafirishaji iliyaagiza majimbo yatumie mpira wa matairi katika lami kwa viwango vya kupanda, asilimia 5 ya kuanzia mwaka 1994 hadi 20 mwaka 1997. Lengo la sheria lilikuwa kupunguza milima ya matairi. Majimbo ambayo hayakuwa na mitambo wala uzoefu yaliambiwa yatimize asilimia. Upinzani ukawa mkali, na mwaka 1995 Bunge likafuta agizo hilo. Arizona na California, zilizoanza kwa sababu lami ile iliwafaa barabarani, ziliendelea. Naamini tofauti ilikuwa hapo: mmoja alipewa dawa ya tatizo la barabara, mwingine alipewa mzigo wa kupunguza jalala.

Nimefika kwenye taka ninayoitaka kuliko zote, ambayo haina picha nzuri ya kuweka gazetini. Ni lami ya zamani.

Barabara ikifanyiwa ukarabati mkubwa, mashine hukwangua tabaka lililochoka. Yanayotoka ni mawe yaleyale yaliyopasuliwa, kuchekechwa na kusafirishwa kwa gharama, yakiwa bado yamevaa bitumeni yao. Marekani hurejesha kwenye barabara mpya zaidi ya tani milioni 80 za lami hiyo kwa mwaka. Walianza kwa bidii baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, bei ya bitumeni ilipowabana. Japani, nchi isiyo na mafuta yake wala nafasi ya kutupa kifusi, huchanganya lami ya zamani kwa karibu nusu ya mchanganyiko. Sisi tunafanana na Japani kuliko tunavyofikiri. TIPER ya Kigamboni iliacha kusafisha mafuta ghafi mwishoni mwa miaka ya 1990, kiwanda cha Changamwe Mombasa mwaka 2013. Tangu hapo bitumeni yetu inavuka bahari, inalipwa kwa dola, na bei yake inapanda kila vita vinapogusa Ghuba. Hata kokoto si za bure: sehemu kubwa ya kokoto za Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 100 kutoka Lugoba.

Turudi kwenye kilomita yetu ya tani 840. Plastiki ya asilimia 8, ikichukua nafasi ya bitumeni ya uzito uleule, iliokoa bitumeni tani 3.4. Tukiweka badala yake lami ya zamani kwa asilimia 20 tu, kiwango ambacho wenye uzoefu wanakiona cha kawaida, tunatumia tani 168 za lami iliyokwanguliwa. Ndani yake mna bitumeni kama tani 8.4 na mawe karibu tani 160. Yaani tunaokoa bitumeni zaidi ya mara mbili, na juu yake malori kadhaa ya kokoto yanabaki Lugoba. Hatuhitaji kumtafuta muuzaji wa taka hiyo, kwa sababu inatoka palepale tunapoihitaji, nasi tunajua imetengenezwa kwa nini.

Inayo matatizo, na mhandisi anayeyaogopa ana sababu. Bitumeni iliyopigwa jua miaka 15 imepoteza mafuta yake mepesi na imekuwa kavu, ngumu. Ukizidisha, barabara mpya inazaliwa mzee na inapasuka mapema. Dawa yake ni kupima ugumu wa bitumeni ile, kuchanganya na bitumeni laini zaidi au mafuta ya kuihuisha, na kuweka kikomo. Rundo lazima liezekwe, maana unyevu ukiingia kwenye lami iliyokwanguliwa unakula mafuta mengi ya tanuri kuukausha. Lichekechwe pia, mabonge makubwa na vumbi vitenganishwe. Na mtambo uwe na mahali pa kuiingizia mbali na moto, kwani ukiikutanisha na mwali bitumeni inaungua na moshi wa buluu unatoka.

Kuna njia nyingine isiyohitaji hata kuipasha moto. Mwaka 1956 Ladis Csanyi, profesa wa Iowa, aligundua kwamba bitumeni ya moto ikiingiziwa mvuke inatoka povu. Waaustralia wakarahisisha kwa kutumia maji baridi: maji kidogo sana, kama asilimia 2, yanapogusa bitumeni ya nyuzi 170 hugeuka mvuke na bitumeni inafura mara kumi au zaidi. Povu hilo huweza kuchanganywa na lami ya zamani iliyo baridi na yenye unyevu, pamoja na saruji asilimia 1 hivi, likawa tabaka la msingi lenye nguvu. Bitumeni inayoongezwa ni asilimia 2 hadi 2.5. Afrika Kusini wametumia njia hii kwa wingi na wamechapisha mwongozo wake tangu 2002, kwa hali ya hewa na malori yanayofanana na yetu. Hakuna sababu ya kwenda kujifunza mbali zaidi ya hapo.

Kwa nini basi lami yetu ya zamani inaishia kujaza mashimo ya barabara za mitaa, kumwagwa kwenye viwanja vya watu, au kuachwa rundo kando ya njia hadi nyasi zinaota? Nadhani jibu liko kwenye karatasi za zabuni. Mkandarasi anaandikiwa kifungu cha kukwangua na kuondoa, analipwa kwa mita ya ujazo na kilomita za kubebea. Kifungu kinachofuata kinamlipa kuleta kokoto mpya na bitumeni mpya. Analipwa kutupa, analipwa kuleta. Mtu mwenye akili timamu hawezi kujiingiza kwenye kupima, kuchekecha na kuezeka rundo kwa mpangilio huo. Lami ile iliyoondolewa ni mali ya nani haisemwi wazi, wakati ni mali ya umma iliyonunuliwa kwa fedha za umma, mara nyingi za mkopo ambao bado tunaulipa.

Vitabu vya mwongozo navyo vina umri. Tanzania ilitoa mwongozo wake wa usanifu wa tabaka za barabara mwaka 1999 na vigezo vya kawaida vya kazi za barabara mwaka 2000. Kenya ilikaa miongo mitatu na zaidi ikitegemea mwongozo wa 1987. Mhandisi mshauri kijana anayetaka kuruhusu asilimia 20 ya lami ya zamani, asipopata mstari wa kuegemea, anabeba hatari peke yake. Barabara ikipasuka atasimama mbele ya kamati kueleza kwa nini aliweka "taka". Akiweka kokoto mpya na barabara ikapasuka vilevile, hakuna atakayemuuliza. Kigezo kilichoandikwa na kusainiwa na wizara kinampa ujasiri ambao semina kumi haziwezi kumpa.

Nina jambo la watu wanaotandaza, wale vijana wa reki na koleo wanaotembea nyuma ya mashine, miguu kwenye lami ya nyuzi 150. Chochote tunachokitia kwenye mchanganyiko, mapafu yao ndiyo yanaonja kwanza, kabla ya samaki na kabla ya maji ya kisima. Bitumeni yenye mpira hutengenezwa kwa joto la juu zaidi na moshi wake ni mzito. Plastiki iliyochanganyika na kipande cha PVC ni hatari kwa yule aliye mlangoni mwa mtambo. Jaribio lolote la taka kwenye lami lipime hewa wanayovuta vijana hao na lichapishe majibu, na barakoa ziwe kifungu kinacholipwa kwenye mkataba, zisiwe hisani ya msimamizi.

Mamlaka za barabara, TANROADS na TARURA za Tanzania, KeNHA ya Kenya na wenzao wa kanda, hawahitaji kusubiri mradi wa wafadhili kwa hatua ya kwanza. Zabuni ijayo ya ukarabati iseme kwamba lami inayokwanguliwa ni mali ya mamlaka, irudi kwenye yadi yenye paa, ipimwe. Iruhusu asilimia 15 au 20 kwenye tabaka jipya, na povu la bitumeni kwenye tabaka la msingi pale mashine ilipo, na imlipe mkandarasi kwa barabara iliyodumu, kwa muda mrefu wa dhamana, badala ya kumlipa kwa malori aliyobeba. Bitumeni ya mpira ianzie Kitonga na kwenye mizani. Plastiki ijaribiwe kwenye barabara chache za miji, kwa vifungashio vilivyochambuliwa kwa mshahara halali, kando ya kipande cha lami ya kawaida cha kulinganisha nacho, na vyote viwili vipimwe na maabara ileile kila baada ya masika.

Na kila kipande kiandikwe: kilomita ipi hadi ipi, tabaka lipi, taka gani, kutoka kiwanda gani, kwa asilimia ngapi. Uholanzi leo, kabla ya kukwangua barabara ya zamani, wanaitoboa na kuchukua sampuli kutafuta lami ya makaa ya mawe iliyozikwa humo na kizazi kilichopita. Sisi tunaanza tukiwa na kompyuta katika kila ofisi ya mkoa, na gharama ya rekodi hiyo ni ndogo kuliko bei ya pipa moja la bitumeni.